Walioitwa kwa Majina

Mei 1972, mjini Gitega, watu waliitwa kwa majina na wakaenda kwa miguu yao. Mwalimu alipata ujumbe kwamba anahitajika ofisini, akaaga nyumbani, akaenda. Ikawa hivyo kwa karani, kwa muuguzi, kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa katekista, kwa mfanyabiashara mwenye duka lake. Wengi hawakutoroka, ingawa mpaka wa Tanzania ulikuwa ndani ya uwezo wa mtu mwenye miguu mizima. Hawakuwa na kosa, na asiye na kosa haoni kwa nini aikimbie serikali yake. Waliofika walizuiwa, wakatiwa gerezani au kambini, kisha malori yakawachukua kuelekea mto Ruvubu. Malori yalirudi matupu.

Warundi wanaziita siku hizo Ikiza, yaani balaa. Zilianza tarehe 29 Aprili, waasi wa Kihutu waliposhambulia kusini mwa nchi, Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo ya Bururi, wakaua Watutsi bila kuchagua mkubwa wala mdogo. Usiku uleule mfalme aliyepinduliwa, Ntare wa Tano, aliyekuwa amerejeshwa kutoka Uganda mwezi mmoja kabla, aliuawa palepale Gitega alikokuwa akizuiliwa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Serikali ya Michel Micombero iliuzima uasi, lakini uasi ulipokwisha mauaji hayakwisha. Ndipo zikaja orodha. Zilimtafuta Mhutu aliyesoma, au aliyekuwa akisoma, au mwenye cheo, au mwenye fedha kidogo za kumfanya asikilizwe kilimani kwake. Waliouawa nchi nzima kwa miezi michache wanakadiriwa kuwa kati ya watu 100,000 na 300,000.

Idadi kubwa namna hii huficha jambo moja, kwamba orodha haijiandiki. Kuna aliyelitaja jina, aliyeliandika, aliyelipeleka, aliyelisoma mlangoni. Kuna kijana wa JRR, umoja wa vijana wa chama tawala, aliyemwonyesha askari nyumba ya jirani. Kuna dereva aliyeijua njia ya Ruvubu usiku wa kwanza, na usiku wa pili akaijua vizuri zaidi. Walioamuru walikuwa wachache, waliotekeleza walikuwa wengi, na kila mmoja alishika kipande kidogo cha kazi ambacho kikitazamwa peke yake hakifanani na mauaji. Historia ya Burundi huandikwa kwa kawaida kama habari ya makabila mawili na marais wao. Hapa naifuata kwa vile vipande vidogo, kwa sababu naamini ndimo ilimoamuliwa.

Miongoni mwa walioitwa alikuwamo padri Michel Kayoya. Alizaliwa mwaka 1934 Kibumbu, akapita seminari, akasoma Ulaya, akarudi kufanya kazi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Presses Lavigerie ya Bujumbura ilimchapia kitabu kiitwacho Sur les traces de mon père, na baada yake kikafuata Entre deux mondes. Kile cha kwanza kilitolewa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1973 na East African Publishing House, kwa jina la My Father's Footprints. Msomaji wa Nairobi aliyekinunua alikuwa akimsoma marehemu.

Si kitabu cha kupanga kwenye rafu kirahisi. Nathari inakatika na kuwa shairi, shairi linageuka kuwa ubishi, ubishi unarudi kwenye mazungumzo ya mtoto na mzee wake. Kayoya anamsimamisha baba yake, mtu wa kilimani asiyekuwa na shahada, mbele ya elimu yote aliyoipata mwana, na kuuliza nani kati yao ni mtu huru. Anaeleza ghadhabu ya kijana anayejifunza shuleni kwamba bara lake lilikatwakatwa Berlin na watu ambao hawakuwahi kumwona baba yake. Ghadhabu hiyo hakuiacha ikae na kuwa chuki. Alirudi kwenye utu, kwenye heshima, kwenye namna mtu anavyojibeba mbele ya wenzake, akasema humo mna uhuru ambao mkoloni hakuuleta na kwa hiyo hakuweza kuondoka nao. Kuna wakosoaji wanaoona alimpamba mno baba yake na Burundi ya kale. Wana haki kiasi. Lakini mtu anayeandika akiwa amezungukwa na watu wanaogawana nchi kwa damu ana sababu ya kumtafuta mzee mmoja safi wa kumsimamisha.

Kayoya alihesabiwa Mhutu, naye alikuwa amesoma. Aliuawa tarehe 17 Mei 1972 na kutupwa katika makaburi ya pamoja ya Ruvubu. Inasimuliwa katika Kanisa la Burundi kwamba alikwenda akiimba Magnificat. Masimulizi ya mashahidi wa dini huwa na mapambo, na msomaji ana ruhusa ya kulipima hili. Lakini fikiri kidogo: waliokuwa naye kwenye lori hawakurudi. Ikiwa aliimba kweli, basi wimbo huo ulifika kwetu kupitia kinywa cha mmoja wa wale waliorudi na lori.

Swali la kipande cha kila mmoja lilikuwa limeulizwa kwingine pia. Karibu miaka 27 kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 1945, Jean-Paul Sartre alisimama mbele ya umati mjini Paris kutetea falsafa ambayo sisi tumezoea kuiita udhanaishi. Ufaransa ilikuwa imetoka kukaliwa na Wajerumani, na katika mitaa mingi walikuwapo watu waliopeleka majina ya majirani polisi. Hoja ya Sartre ilikuwa nzito kuliko mtindo wa vijana wa mikahawani uliokuja kuhusishwa nayo. Alidai kwamba mtu hana pa kujificha: si nyuma ya maumbile yake, si nyuma ya amri, si nyuma ya nyakati. Hata anayesema hana la kufanya amekwisha kuchagua, na anapojichagulia mwenendo anautangaza kuwa unamfaa kila mtu. Miaka 2 baadaye Simone de Beauvoir aliongeza jambo ambalo Sartre alikuwa akilizunguka, kwamba siwezi kuutaka uhuru wangu kwa dhati huku nikiukanyaga wa mwenzangu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na fikra hizi kwa mwandishi Euphrase Kezilahabi, hasa katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974, ambamo mhusika mkuu Kazimoto anaishia kujiua. Kazi ile ni kubwa, lakini nadhani ilitufanyia hila bila kukusudia. Tukautambua udhanaishi kwa kukata tamaa kwake, tukaisahau nusu ya pili, ile ya wajibu. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, katika ziwa ambamo maji ya Ruvubu huishia yakishapita Kagera. Kitabu chake kilitoka miaka 2 baada ya Ikiza.

Sasa, je, Mrundi alihitaji kusubiri Paris ili aambiwe kwamba anawajibika? Kilimani kulikuwa na utaratibu wa zamani wa kumfanya mtu awajibike hadharani, nao ni ule wa bashingantahe. Mtu hakuzaliwa akiwa mushingantahe. Mwana wa mushingantahe alianza upya kama mwingine yeyote. Alitazamwa kwa miaka na majirani: analipa madeni? Akinywa, ulimi wake unabaki mahali pake? Mashamba yanapogombewa anasema aliloliona au anasema la ndugu yake? Akionekana anafaa alipewa wadhamini wa kumwongoza, na siku ilipowadia watu walikusanyika kwa pombe ya ndizi na ya mtama iliyoandaliwa na nyumba yake. Mbele yao aliapa, akakabidhiwa fimbo. Tangu siku hiyo mlango wake haukuwa wake peke yake. Akiamka usiku kwa kelele za ugomvi ilimpasa atoke. Alipoamua shauri alipiga fimbo ardhini, na malipo yake yalikuwa kata ya pombe, basi. Hata chifu aliyekosea ilimpasa amwambie kwamba amekosea.

Tusiutie sukari utaratibu huu. Wanawake hawakuapishwa, ingawa bila mke mume hakuweza kuapa, na Watwa waliachwa nje. Lakini Mhutu na Mtutsi walikaa baraza moja, na kiapo kilikuwa cha mtu mmoja mmoja. Hapa ndipo naona Gitega inaisahihisha Paris. Kwa Sartre mtu hujikuta peke yake na uhuru wake, kisha anatafuta namna ya kuwafikia wengine. Kwa mushingantahe wengine ndio waliomtazama, ndio waliomtaka, ndio waliosikia kiapo, na hao hao ndio wenye haki ya kumvua akikivunja. Uhuru wake wa kusema hapana ulisimama juu ya macho yao. Padri na mwanaanthropolojia Adrien Ntabona aliandika sana juu ya watu hawa, na mara kwa mara alirudi kwenye jambo hilo: mamlaka yao yalitoka chini.

Ndiyo maana serikali zote zilitaka kuyachukua. Wakoloni Wabelgiji waliwapunguzia mashauri. Chama kimoja, UPRONA, kilipotawala baada ya 1966, jina la mushingantahe likaanza kugawiwa kutoka juu kwa wakuu na makada ambao hakuna jirani aliyewatazama wala kuwaapisha. Ilipofika 1972 fimbo zilikuwapo bado vilimani, lakini orodha zilipita pembeni yake, kutoka ofisini hadi mlangoni. Mzee aliyeapa kuwalinda watu wote wa kilima alifanya nini jirani yake alipoitwa? Baadhi yao walikuwa wenyewe kwenye orodha. Baadhi walinyamaza. Siwezi kuwahukumu kwa urahisi, lakini siwezi pia kusema kwamba kunyamaza kwao hakukuwa tendo.

Zamu ikageuka mwaka 1993. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za vyama vingi na Mhutu wa kwanza kushika cheo hicho, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba. Siku ileile huko Kibimba, mkoani Gitega, wanafunzi wa Kitutsi walikamatwa, wakapelekwa kwenye jengo la kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, wakachomwa moto. Walikufa zaidi ya 70. Mkuu wa shule yao alitiwa hatiani na kunyongwa mwaka 1997. Mtu ambaye mzazi alimkabidhi mtoto! Jeshi likalipiza kwa kuua Wahutu vilimani, na vita vikaendelea zaidi ya miaka 10.

Wakati huohuo, katika mkoa jirani wa Ruyigi, Marguerite Barankitse alikuwa akifanya kazi katika makao ya askofu. Yeye ni Mtutsi. Aliwaficha hapo Wahutu waliokimbia, na Watutsi waliokuja kuwaua tarehe 24 Oktoba walikuwa watu aliowafahamu. Walimfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliokoa watoto 25, na kutokana na hao ikazaliwa Maison Shalom. Na kule Bururi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Buta wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Hawakujitenga. Waliuawa 40. Juni 2019 maaskofu wa Burundi walianzisha mchakato wa kuwatangaza wenye heri mashahidi wanaowaita wa udugu, wakiwamo vijana hao, na Michel Kayoya akiwa nao.

Vijana wa Buta hurudiwa sana katika mahubiri, na inafaa. Lakini mimi hunisumbua zaidi wale ambao hawakuwa na bunduki kichwani. Hao ndio wanaotupeleka Muyinga.

Muyinga uko kaskazini mashariki, karibu na kituo cha mpakani cha Kobero. Ni upande wa nchi ambako Waislamu ni wengi kuliko kwingi Burundi, na Kiswahili si lugha ya kigeni sokoni. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa matumaini. Pierre Nkurunziza alikuwa amechukua urais Agosti 2005, jeshi jipya lilichanganya Wahutu na Watutsi kama Mkataba wa Arusha wa 2000 ulivyotaka, na kundi moja tu la waasi, FNL, lilikuwa bado vitani. Kati ya Mei na Agosti, watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa FNL walikamatwa mmoja mmoja katika tarafa za mkoa na kupelekwa kambi ya jeshi ya Mukoni. Zaidi ya watu 30 hawakuonekana tena. Walitolewa kambini, wakapelekwa katika hifadhi ya Ruvubu, wakauawa, na miili ikatupwa mtoni.

Mto ni uleule. Kutoka kaskazini unashuka hadi kati ya Karusi na Gitega, unapinda kuelekea mashariki, unaingia hifadhini na kuupitia uliokuwa mkoa wa Muyinga kabla ya kuelekea mpaka wa Tanzania. Walioua 1972 na walioua 2006 hawakuwa wa chama kimoja, wala wa upande mmoja wa nchi. Safari hii kisingizio cha kabila hakikufaa kabisa. FNL lilikuwa kundi la Kihutu, na chama kilichotawala kilitoka katika uasi wa Kihutu. Kilichofanana ni mgawanyo wa kazi: huyu anakamata, yule anaandika jina kambini, mwingine anafungua mlango wa selo, mwingine anaendesha gari hadi mtoni.

Kilichotofautiana ni kwamba baadhi ya miili ilielea na watu waliokaa kando ya mto hawakunyamaza. Waliona, wakasema. Ndugu za waliopotea waliulizia. Watetezi wa haki za binadamu na wachunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa walifika, habari zikatoka nje ya mkoa, na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi ya mahakimu. Kamanda wa mkoa wa nne wa kijeshi, Kanali Vital Bangirinama, alitajwa. Januari 2008 alitoroka nchi. Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo bila yeye kuwapo, na kuwatia hatiani askari wengine pamoja naye. Miezi michache baadaye, Aprili 2009, Burundi ilifuta adhabu ya kifo.

Hukumu hiyo ina upungufu unaoonekana: aliyekuwa juu alikwishavuka mpaka. Hata hivyo, askari wadogo waliposimama kizimbani walikuwa wakiulizwa swali ambalo hakuna aliyewauliza madereva wa Gitega. Kujitetea kwamba umeamriwa kunaeleweka. Askari aliyekataa mwaka 2006 angeweza kulipa kwa maisha yake, na mimi ninayeandika nikiwa nimeketi sina ujasiri wa kumkopesha. Lakini mkulima wa kando ya Ruvubu naye alikuwa na maisha ya kupoteza, na hakuwa na kiapo, mshahara wala bunduki. Alisema. Bila neno lake mahakama isingekuwa na kesi.

Januari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Pierre Claver Ndayicariye, ilianza kufukua makaburi ya Ruvubu katika kilima cha Bukirasazi, tarafa ya Shombo, mkoa wa Karusi. Katika makaburi 6 ya halaiki yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa zilitoka risasi, nguo, miwani na rozari. Kuna familia zilizowatambua watu wao kwa vitu hivyo, baada ya miaka 48. Miwani ndiyo inayonishika. Katika Burundi ya 1972 mwenye miwani alikuwa msomi, na msomi alikuwa kwenye orodha.

Desemba 2021 Tume ilitangaza kwamba yaliyotendeka 1972 ni mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wapo wanaolalamika kwamba imeyafukua ya 1972 kwa bidii kuliko ya 1993, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa majembe, si kwa hotuba. Wa Kibimba nao wana haki ya kuhesabiwa kwa uangalifu uleule.

Micombero alipinduliwa mwaka 1976 na akafa Mogadishu mwaka 1983. Wengi wa waliotaja majina, walioyaandika, walioyasoma milangoni na walioendesha malori wamekwisha kuzeeka au kufa. Kati ya mauaji ya Gitega na ya Muyinga, yale ya Muyinga, ya watu zaidi ya 30, yalifika mahakamani ndani ya miaka michache. Kwa wale zaidi ya 6,000 wa Ruvubu hakuna mtu hata mmoja aliyefikishwa mbele ya hakimu.